Bahari ya Kale ya Mbirasa

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu mimi nina familia. Niseme tu kwamba haiko mbali sana, na kwamba wewe unayesoma hujawahi kufika huko hata siku moja. Ukiulizwa na mtu yeyote mwenye miwani myeusi, jibu hivyo hivyo.

Katika nchi hiyo tangazo hutangulia, jambo hufuata. Barabara hutangazwa kwanza, ikazinduliwa, ikapewa jina la mkubwa fulani, na hapo ndipo watu huanza kuulizana inapita wapi. Wananchi wameshauzoea mwendo huo na hawaoni ajabu. Kwa hiyo shaba nayo ilipatikana kwanza ndani ya hotuba, halafu ndipo wataalamu wakatumwa kwenda kuitafuta ardhini.

Chanzo kilikuwa gari bovu. Afisa mmoja alitumwa kwenye Milima ya Mbirasa kuendesha Sensa ya Mbuzi, maana serikali ilitaka kujua ni mbuzi wangapi wanaoiunga mkono. Mbirasa ni safu ya milima mikavu, mahali ambapo ramani ya taifa huwekewa maelezo ya alama, kwa kuwa mchoraji hakuona kitu kingine cha kuchora. Gari lilimzimikia afisa kwenye mteremko, likaanza kurudi nyuma, naye akaruka, akaokota jiwe la karibu na kuliweka kigingi nyuma ya gurudumu. Gari lilipopona, jiwe likatupwa kwenye buti, likasafiri hadi mji mkuu. Huko likaonekana ni la kijani, likapanda ngazi kutoka kwa dereva hadi kwa karani, na kutoka kwa karani hadi mezani kwa Waziri wa Maji, Mheshimiwa Daktari Desderi Lugongo.

Waziri alilinusa, akalilamba kwa ncha ya ulimi, akatafakari. "Hii ni shaba," alisema.

Udaktari wake ulikuwa wa heshima, aliopewa na chuo alichokizindua mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubisha. Jioni ile ile redio ikatangaza kwamba taifa limekuwa tajiri. Wizara ya Maji, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na maji ya kusimamia, ikageuzwa kuwa Wizara ya Shaba, yeye Lugongo akiwa mkuu wake, na watumishi wakaendelea kusinzia kwenye viti vile vile.

Hakuna aliyeuliza jiwe lile liliokotwa wapi hasa. Liliokotwa juu ya kaburi.

*

Sasa lazima nieleze mila ya watu wa Mbirasa, la sivyo utadhani nawasingizia wakubwa.

Milima yao ni ya mashapo: tope na mchanga wa zamani mno, vilivyotuama tabaka juu ya tabaka kama machicha ya kahawa chini ya kikombe, mpaka vikagandamana vikawa mwamba. Hapa na pale, ndani ya makorongo, utaona mwamba umepakwa kijani chembamba. Ukiuvunja kwa kisogo cha shoka unapata kipande cha kiganja, kisha kijani kinakwisha. Katika nchi ile ya vumbi, ambako kiangazi hukaa kama mkwe aliyekuja kusalimia akapenda chakula, hicho ndicho kijani pekee kisichonyauka. Basi watu wa Mbirasa huwafunika wafu wao kwa mawe hayo. Wanasema mtu aliyehangaika maisha yake yote kutafuta majani ya mbuzi anastahili kulala chini ya kijani. Na jiwe haliokotwi karibu. La karibu ni matusi. Anayempenda marehemu huenda mbali, na anayempenda zaidi huenda mbali zaidi.

Palikuwa na mama mmoja aitwaye Sikitu, mwenye mtoto mmoja tu. Mtoto aliitwa Masika, kwa kuwa alizaliwa mwaka ambao mvua zilikuja kwa wakati, na alikufa katika umri ule ambao meno ya mbele yameshang'oka na mapya hayajaota. Alikufa kwa kuhara. Usidhani serikali ilikuwa imelala. Zahanati ilikuwepo, nzuri, imepakwa rangi, dawa ziko rafuni na mganga yumo ndani amevaa koti jeupe. Ila ilikuwa bado haijazinduliwa. Utepe mwekundu ulifungwa mlangoni ukimngoja Mheshimiwa Lugongo, ambaye enzi hizo alikuwa Waziri wa Afya, aje na mkasi. Na Mheshimiwa siku zile alikuwa na mafua.

Mganga alikuwa mtu wa huruma. Alimpitishia Sikitu kiti dirishani ili angoje akiwa amekaa.

"Dada yangu, nikiukata utepe huu mimi, nitakuwa nimejifanya serikali," alimwambia.

"Basi nipitishie na dawa hapo hapo ulipopitisha kiti."

"Kiti ni changu, nilikuja nacho kutoka nyumbani. Dawa bado hazijazinduliwa. Vumilia kidogo, wanasema mafua yake yanapungua."

Sikitu akakaa na mtoto mapajani, akizitazama zile chupa kupitia kioo. Aliendelea kuzitazama hata mtoto alipokuwa hana haja nazo tena.

Tangu hapo akawa mtu wa kubeba mawe. Akishawanywesha mbuzi, huchukua shoka na ngata yake, akaenda Korongo la Fisi, akaenda nyuma ya mlima wa pili, akaenda hata kule ambako wawindaji hawafiki, akarudi na jiwe moja kichwani. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine. Nywele za utosini zikamkatika, pakabaki upara mdogo mahali pa ngata. Kaburi la Masika likawa kijani kuliko makaburi yote ya Mbirasa, na watu waliopita pale walinyamaza bila kuambiwa.

"Sikitu, utajimaliza," wifi yake alimwambia.

"Hakuna kilichobaki cha kumaliza, wifi. Miguu tu, na hiyo ni yake."

*

Siku mtambo wa kuchoronga ulipoingia Mbirasa, wanawake walipiga vigelegele. Walikuwa wameomba kisima tangu enzi za bibi zao, na mtambo wa kuchimba visima waliujua kwa picha. Ubavuni ulikuwa na maandishi MAJI NI UHAI. Juu ya neno la kwanza palipakwa SHABA, ila rangi haikutosha na yale ya zamani yalionekana vizuri tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wakasema, na wakapanga ndoo zao kwa foleni.

Kumbe mtambo wenyewe ulikuwa na kiu. Ukichoronga bila maji, chuma huungua. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote ulipelekwa kwenye dimbwi pekee la kijiji, ukaweka mpira wake, ukanywa kuliko mbuzi wote wa Mbirasa. Wananchi walishukuriwa kwa mchango wao. Ndoo zilirudi nyumbani tupu, kila moja ikiwa imebandikwa picha ya Waziri.

Aliyekuja na mtambo ni mjiolojia aitwaye Gervas. Si mtu mbaya, na naomba hilo likumbukwe, kwa sababu mambo mengi katika nchi ile hufanywa na watu wasio wabaya. Alikuwa na buti, nyundo, dira, na kifaa kilichofanana na bunduki ambacho ukikielekeza kwenye jiwe kinakuonyesha lina nini ndani. Alizunguka makorongo mpaka buti zikacheka. Alichokiona ni kile kile ambacho kila mchunga mbuzi alikijua: kijani chembamba, kiganja hapa, kiganja pale, hakuna kitu. Alitamani kuripoti hivyo, lakini katika Wizara ya Shaba majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa Nyingi, Nyingi Sana, na Ya Kutisha.

Ndipo siku moja akapita makaburini, na kile kifaa kikapata wazimu. Alimkuta Sikitu amepiga magoti kando ya kaburi, anapanga jiwe jipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unawinda nini huku na bunduki?"

"Si bunduki, mama. Ni kipimo. Kinanieleza jiwe lina nini ndani."

"Na hilo uliloshika kimelisemaje?"

"Kimesema lina shaba nyingi kuliko yote niliyoyaona."

Sikitu akacheka kidogo. Hakujua shaba ni ya nini, ila alijua sifa akizisikia. "Hilo ni la Korongo la Fisi," alisema. "Pima na hili. Hili nililitoa nyuma ya mlima wa pili, siku hiyo niliteguka mguu. Na hili la hapa pembeni, lina mistari, unaona? Angelipenda hili."

Gervas akapima jiwe moja baada ya jingine, na kila alipotaja matokeo uso wa mama yule ulizidi kufunguka. Hakuna mtu aliyekuwa amemsifia mtoto wake tangu afe. Watu humwonea mfiwa huruma, humletea unga, humwambia kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kukaa chini na kulitazama jiwe moja moja, nani ana muda huo? Alimsimulia habari za Masika, jinsi alivyokuwa akipuliza mluzi kupitia pengo la meno na mbuzi wakamfuata. Gervas akavua kofia.

"Mama, mawe yote haya umeyaleta wewe?"

"Mimi. Na wachache waliompenda."

Mjiolojia yeyote, hata aliyepata alama za kuchechemea, anajua kwamba jiwe lililohamishwa halina ushahidi. Utajiri wa mahali huonekana kwenye mwamba uliokaa mahali pake. Pale hapakuwa na mwamba wenye shaba. Palikuwa na mama.

*

Matokeo ya kifaa yalikuwa yameshaingia yenyewe kwenye mtandao wa wizara, na kesho yake Waziri akatua na helikopta. Gervas alimpokea kwa unyenyekevu wote, akamweleza ukweli akiwa ameinama.

"Mheshimiwa, mawe yale yameletwa pale."

"Yameletwa na nani?"

"Na wafiwa, Mheshimiwa. Ni mila yao."

"Wana leseni?"

"Ya nini, Mheshimiwa?"

"Ya kuhamisha madini ya taifa. Kijana, sikiliza. Kama mawe yale yalikuwepo pale tangu kuumbwa kwa dunia, basi tumepata shaba, na wewe ni mkurugenzi. Kama yameletwa, basi kijiji kizima kimekuwa kikisafirisha madini bila kibali, kizazi kwa kizazi, na wewe ulijua ukanyamaza. Mimi si mjiolojia. Nakuachia wewe mtaalamu uamue."

Gervas alikuwa na nyumba ya serikali, na ndani ya nyumba hiyo mke mwenye mimba changa. Alisema atatafakari.

Habari za leseni zikawafikia wanakijiji kabla ya jua kuzama. Mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba akibembeleza: kesho kwenye mkutano, yeyote atakayeulizwa aseme mawe yalikuwepo. Alipofika kwa Sikitu alishindwa kuanza.

"Mama Masika," hatimaye alisema, "wanataka kuchimba pale kwa mtoto. Ukisema ni wewe uliyeyaleta, watakufunga. Pengine watatufunga sote."

"Na nikinyamaza?"

Mwenyekiti akageuka kutazama upande wa makaburini.

"Basi nitasema ni mimi peke yangu," alisema Sikitu. "Nyie mtasema hamjui lolote. Mtu hafi kwa kufungwa. Huko jela wanalala chini ya bati; mimi nitalala popote. Ila yeye asiamshwe."

*

Mkutano wa Kuwashirikisha Wananchi ulikuwa na ajenda kama ilivyo kawaida: Shukrani, Shukrani za Ziada, Nyimbo, na Mengineyo. Waziri Lugongo alihutubia tangu asubuhi mpaka vivuli vikaingia chini ya miguu ya wenye navyo.

"Ndugu wananchi," alisema, "ninyi mlidhani ninyi ni maskini. Hilo lilikuwa kosa lenu, na serikali imewasamehe. Kumbe mmekalia utajiri. Serikali yenu sikivu inawaomba jambo dogo tu: inukeni."

Sikitu hakungoja Mengineyo, kwa kuwa kila mtu alijua Waziri huondoka kabla ya kipengele hicho. Alisimama katikati ya Nyimbo. Kwaya ikapoteza sauti moja baada ya nyingine.

"Baba Waziri," alisema, "mawe yale nimeyaleta mimi. Hawa wenzangu hawahusiki. Nilikwenda kuyatafuta mwenyewe, nikayabeba mwenyewe. Kama ni kosa, nifunge. Lakini chini yake hakuna shaba. Chini yake yupo mwanangu."

Mwenyekiti wa kijiji akafumba macho. Hata askari waliolinda mkutano, wenye pingu mkandani, walimtazama Waziri kwanza, kuona kama anakasirika ama anacheka.

Waziri alicheka, lakini kwa upole, maana kamera zilikuwepo. "Tusibishane na mama yetu," alisema. "Tuiulize sayansi. Mtaalamu, simama. Lundo lile linajaza lori?"

"Linajaza, Mheshimiwa," alisema Gervas.

"Sasa tuambie kitaalamu. Mwanamke mmoja, kwa kichwa chake hiki kimoja, anaweza kubeba shehena ya lori kutoka nyuma ya milima ile na kuileta hapa, kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekwisha kufa?"

Gervas akamtazama Sikitu. Kitambaa chake kilikuwa kimeteleza, na ule upara wa utosini ulionekana wazi kwenye jua. Sikitu alimtazama naye bila wasiwasi wowote, kwa sababu kati ya watu wote waliokuwa pale, huyu ndiye aliyeyashika mawe yale moja moja, huyu ndiye aliyevua kofia. Alikuwa shahidi wake.

"Kitaalamu," alisema Gervas, "haiwezekani, Mheshimiwa."

"Basi yaliletwa na nini?"

"Na maji. Zamani sana. Palikuwa na bahari ya kale."

Makofi yakalipuka. Waziri akashuka jukwaani, akamshika Sikitu mabega mbele ya kamera. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mama," alisema. "Tunakupa pole. Lakini usijitwike kazi ya bahari."

Hivyo ndivyo Sikitu alivyonusurika kwenda jela. Serikali ilimwona hana hatia. Ilithibitishwa na wataalamu kwamba mtoto hawezi kupendwa kiasi kile. Aliketi chini pale pale aliposimama. Alitaka kumuuliza yule kijana swali moja, ila kwaya ilikuwa imeshaanza tena.

*

Kaburi la Masika likaitwa Shimo Namba Moja. Siku ya kuchimba, Sikitu alilala juu ya mawe kifudifudi, mikono ameikunjua. Hawakumpiga. Nchi ile siku hizi inaheshimu haki za binadamu. Walimvisha fulana na kofia zenye maandishi SHABA NI YETU SOTE, wakamwinua, wakamketisha kwenye kiti cha plastiki chenye kivuli, kwenye safu ya wageni waalikwa, wakampa soda. Kilio huanza mfiwa na wa mbali wakaingia; lakini pale mfiwa alikuwa mgeni mwalikwa, na wageni waalikwa hawalii.

Mawe yakapakiwa kwanza kwenye lori. Kisha majembe yakaingia kwenye udongo laini. Kanuni ya Wizara ilisema kila kinachotoka shimoni ni sampuli, na kila sampuli ni mali ya serikali. Wachimbaji walipofika mahali fulani wakasita, wakatazamana, wakamwita Gervas. Gervas akashuka mwenyewe. Alikaa shimoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa amebeba mfuko wa sampuli kwa mikono miwili, nao ulikuwa mwepesi. Pembeni mwa mdomo wa mfuko palitokeza kipande cha kanga, nyekundu iliyopauka, yenye maua ya mkorosho pembeni.

Sikitu akasimama. "Hiyo ni kanga yangu," alisema. "Nilimfunga nayo mwenyewe. Baba, nipe huyo."

"Siwezi, mama," alisema Gervas. "Imeshaandikishwa."

Akaisukuma kanga ndani, akafunga mfuko taratibu, fundo juu ya fundo, akaupeleka garini na kuuweka kiti cha mbele. Pengine alidhani hilo nalo lilikuwa jambo la utu.

Kisha mtambo ukasogezwa. Ulichoronga siku nyingi, ukinywa dimbwi la kijiji mpaka likabaki tope. Mwamba ulitoka vipande virefu vyembamba kama mihogo: mwekundu, kisha wa kijivu, kisha mwekundu tena. Hakuna kijani hata cha kupaka ukucha. Walipochoka walizunguka makaburi mengine yote, wakayapekua moja moja, na huko nako bahari ya kale haikuwa imeacha kitu.

*

Usidhani Waziri Lugongo aliaibika. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikuwa mshindani hasa. Alihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi, utafiti wa Mbirasa umefanikiwa kwa kishindo. Leo tunajua kwa hakika mahali ambapo shaba haipo. Ziko nchi kubwa duniani ambazo hadi sasa hazijui shaba haipo wapi."

Ikatolewa siku ya mapumziko. Yale mawe ya kijani yakasuguliwa, na kila balozi akapewa moja la kukandamizia karatasi zisipeperushwe na feni. Gervas akapanda cheo, akawa Mkurugenzi wa Sampuli. Kisha, kwa kuwa serikali ile ni ya uwazi, matokeo ya maabara yakasomwa hewani.

Sikitu aliyasikiliza nyumbani kwa wifi yake, wakichambua choroko.

"Shimo Namba Moja, tabaka la juu kabisa," alisoma mtangazaji. "Chokaa kidogo. Nguo iliyooza. Sampuli haina thamani yoyote."

Wifi akanyoosha mkono akazima redio. Sikitu aliendelea kuchambua choroko mpaka ungo ukaisha. Halafu akasema, "Kama hawana haja naye, si watanirudishia?"

Ndilo tumaini alilosafiri nalo. Alipanda lori la mbuzi hadi mji mkuu, amebeba kanga mpya ndani ya mfuko wa nailoni, nyekundu yenye maua, aliyoitafuta mnadani mpaka akapata inayofanana na ile.

*

Gervas alimkuta amekaa kwenye ngazi za Wizara. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa tai. Mwanzoni alitaka kupita mlango wa nyuma, kisha akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mama watoto hajambo?"

"Hajambo. Amejifungua. Mtoto wa kike."

"Hongereni," alisema Sikitu, na alisema kwa moyo. "Nimekuja kumchukua wangu. Nilisikia redioni kwamba hamumhitaji. Sina maneno na mtu. Nipe nimpeleke nyumbani, lori linaondoka jioni."

Gervas akakaa kwenye ngazi, chini yake. Alizungusha tai mkononi, akaiachia, akaizungusha tena.

"Mama," alisema, "sampuli zenye thamani ndizo zinazotunzwa stoo."

"Na zisizo na thamani?"

"Msimu wa masika uliopita palikuwa na matope sana hapa uani. Mheshimiwa akawa anachafua viatu akishuka kwenye gari. Ikatoka amri." Akaiachia tai. "Zilisagwa pamoja na ile miamba ya Mbirasa, mama. Zikamwagwa hapo nje. Nilikuwa safarini. Nisingekuwa safarini, labda..."

Sikitu alikuwa ametazama ng'ambo ya ngazi. Ua wa Wizara ulikuwa mpana, umetandazwa changarawe nyekundu na kijivu, imeshindiliwa vizuri, ina alama za matairi.

"Sehemu gani?" aliuliza.

"Sijui, mama. Ilichanganywa yote."

Sikitu akainuka. Alivua kandambili zake akaziacha kwenye ngazi, akaingia uani akitembea kwa vidole, akiangalia kila mahali kabla hajaweka mguu, na bado kila mahali alipoweka mguu kokoto zililia chini yake. Changarawe ilikuwa ya moto. Alipofika katikati alishindwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Akapiga magoti, akaitoa ile kanga mpya, akaitandaza. Ilifunika pahali padogo sana pa ua ule. Alilia hapo kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya zahanati, na makarani wakachungulia madirishani, kisha wakafunga mapazia. Gervas alibaki kwenye ngazi. Viatu vyake vilikuwa miguuni, na hakujua kama avivue au aende zake. Mwishowe aliangalia saa, akakumbuka ana kikao.

Baadaye kidogo honi ikalia getini. Gari refu jeusi la Waziri lilikuwa linataka kuegesha mahali pake pa siku zote, na pahali penyewe palikuwa na mama na kanga. Askari wa getini akaja mbio.

"Mama, toka hapo. Mheshimiwa anaingia."

Sikitu hakutoka. Viganja vyake vilikuwa vimelala juu ya kanga, vimetulia. Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Alimwinulia askari uso, akaweka kidole mdomoni.

"Mwambie asipige honi, mwanangu," alisema. "Kuna mtoto amelala."